Mpiga Enanga wa Kwenye Shuka

Ni mimi niliyepiga magoti. Naliandika hili kwanza kabla sijapata kisingizio, kwa sababu kwa karibu miaka arobaini nimekuwa nikisema si mimi. Nimesema alikuwa binti wa jirani. Nimesema alikuwa mtoto fulani wa darasa la pili ambaye baadaye wazazi wake walihama. Chuo kikuu, nilipotaka kuwachekesha wenzangu, nilisema alikuwa msichana mmoja wa kijijini kwetu, kana kwamba mimi nilizaliwa maktaba. Ukweli ni kwamba jioni moja ya msimu wa senene, gari la sinema lilipokuja Izigo, mimi mwenyewe, nikiwa na miaka tisa na akili timamu, nilipiga magoti mbele ya shuka jeupe nikaliamkia.

Kama ningekuwa nimeficha aibu yangu tu, nisingejisumbua kuandika. Kila mtu ana jambo la utotoni alilolizika. Lakini uongo wangu wa siku ile nilimwambia mama, na tangu hapo niliamini kwamba nilimnyima nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kuuona tena uso wa baba yake.

Babu huyo, mzaa mama, alikuwa mpiga enanga. Kwa asiyeijua, enanga ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, ukapitishiwa uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe, kwenda na kurudi, mpaka zikapatikana nyuzi nane. Mpigaji huipakata mapajani. Ukiiona imeegemezwa ukutani unaweza kudhani ni chombo cha kupepetea kitu. Babu alipoigusa, nyumba nzima ilikaa kimya. Kwake palikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, ukipita katikati ya migomba tupu, na alipokuwa akiimba wazee walikaa juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, wakitafuna kahawa iliyochemshwa na maganda yake, na hakuna aliyethubutu kutafuna kwa sauti. Aliimba habari za wakama, watawala wetu wa zamani, vita vyao, na wake zao waliowatoroka. Mimi nilikaa karibu na goti lake. Nakumbuka kwamba sauti ya uzi mnene haikuniingia masikioni bali makalioni, kupitia sakafu, ikapanda uti wa mgongo polepole kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Nakumbuka pia kwamba sikuweza kuamini kuwa mtu yule aliyekuwa akiua wafalme kwa kidole kimoja ndiye aliyeniomba asubuhi nimtafutie kiko chake.

Uso siukumbuki. Hapo ndipo penye tatizo. Nakumbuka kanzu, koti jeusi juu ya kanzu, kofia, na ule mkono. Alifariki nikiwa na miaka mitano na hakuacha picha. Mpiga picha alikuwa akitoka Bukoba mjini na kuja kwetu kila palipokuwa na harusi, lakini harusini babu alikuwa kazini. Watu walipopangwa mbele ya nyumba, yeye aliwekwa pembeni apige enanga ili wasinune. Ipo picha moja ambayo ukingoni mwake linaonekana koti na kiwiko. Mama ameitunza ndani ya kitabu chake cha sala. "Hiki ni cha baba," husema, akikigusa kwa ukucha. Nimekulia katika nyumba ambamo wageni walioheshimiwa walionyeshwa kiwiko.

Uhuru ulipokuja na utemi ukafutwa, babu alipata shida ndogo ya kikazi, maana nyimbo zake zote zilikuwa za wakama. Kwenye mikutano ya kijiji alitakiwa aimbe ujamaa. Mama husimulia kwamba alikuwa akiimba vita vya mkama mmoja kwa saa nzima, na mkama alipokwisha kuuawa, aliongeza mistari mitatu juu ya faida za samadi. Mwenyekiti alipiga makofi, wazee walipata mkama wao, na samadi ikahesabiwa kuwa imetangazwa.

Miaka mitatu baada ya kumzika, nilipelekwa Bukoba kwa shangazi yangu, aliyekuwa amepanga chumba Kashai. Jumapili mchana alinichukua kwenda kuona bendi ikipiga katika ukumbi mmoja mjini. Nilisimama chini kabisa ya jukwaa. Mpiga gitaa alikuwa kijana mwembamba aliyevaa suruali ya bugaluu ya kufagia vumbi. Alizigusa nyuzi kama mtu anayepangusa meza, na ngurumo ikatokea kwenye sanduku jeusi lililokuwa upande wa pili wa ukumbi. Nikatazama mkono. Nikatazama sanduku. Nikatazama mkono tena. Watu wazima walikuwa wakicheza dansi nyuma yangu kana kwamba hakuna kilichotokea, nami nilishangaa wanawezaje kusogeza miguu mbele ya jambo kama lile. Shangazi alidhani shingo yangu imeteguka.

Niliporudi Izigo nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza kwamba nimemwona mtu ambaye mkono wake uko huku na sauti yake iko kule. Alimenya ndizi mbili tatu kwanza.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hapa, sauti yake ikakaa kwingine," akasema.

"Ndiyo, mae."

"Angekuwepo wa kumpigisha baba kwenye sanduku hilo, tungekuwa naye."

Alisema hivyo bila machozi, kwa sauti ya mtu anayetaja chombo alichosahau kukinunua sokoni. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala nikiliwaza.

Mwaka uliofuata likaja gari la sinema. Lilikuwa gari la serikali lenye kipaza sauti juu ya paa, nalo lilizunguka tangu mchana likitangaza kwamba wananchi wote, wake kwa waume, wafike uwanja wa shule jua likizama. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba kurudia tangazo lilelile, kwa sababu tangazo ambalo hakulitoa yeye hakuliamini. Pazia la sinema lilikuwa limechanika katika safari, kwa hiyo masista wa hospitali ya misheni waliazimisha shuka. Lilitundikwa kati ya mikaratusi miwili, likiwa na mshono katikati na alama ya wino pembeni ya kuonyesha ni la wodi gani.

Mama hakuweza kwenda. Alikuwa amejifungua mdogo wangu wa mwisho, hazijatimia wiki tatu, na mzazi wa siku hizo hatoki kwenda kujichanganya na umati. Alinifunga kanga mabegani akaniagiza kama anayemtuma mjumbe mkutanoni.

"Kaa mbele. Usicheze na wenzako. Ukirudi unisimulie kila kitu, hata cha kijinga."

Nilikaa mbele. Nyuma yetu, mbali karibu na vyoo vya walimu, jenereta iliwashwa, na mwanga ukapita juu ya vichwa vyetu. Siwezi kuwaeleza watoto wa leo, wanaolala na sinema mfukoni, ule mwanga ulikuwa nini. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona mwanga unaokaa mahali pake: wa jua, wa moto, wa taa ya chemli. Huu ulikuwa unasafiri. Ulikuwa na umbo kama boriti, ungeweza kudhani ukiupanda unakubeba, na ndani yake vumbi la uwanja wetu, vumbi letu la kawaida tulilolikanyaga kila siku, lilikuwa linang'aa na kuzunguka kama kitu chenye thamani. Nilitazama nyuma kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mbele. Kisha shuka likajaa maji, ziwa zima, na mwanamke mmoja kando yangu akavuta miguu yake isilowe.

Sinema ya kwanza ilikuwa ya kuchemsha maji ya kunywa. Ya pili ilikuwa ya kahawa: namna ya kupogoa, namna ya kuchuma iliyoiva tu, na kwa nini isianikwe chini bali juu ya vichanja. Msemaji hakuonekana. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kisomi, Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi, na alitueleza sisi, watu wa Izigo, kwamba mti huu unaitwa mbuni.

Ndipo senene wakaja.

Msimu ulikuwa wao, na hakukuwa na mwanga mwingine kijiji kizima. Waliingia kwa mamia, kisha kwa maelfu, wa kijani na wa kahawia, wakipita katika ile boriti ya mwanga, na kila mmoja akatupa kwenye shuka kivuli kikubwa kama mbuzi. Kwa dakika moja hivi watu walijaribu kuwa wananchi. Halafu mwanamke mmoja akavua kilemba, akaanza kukamata, na uwanja mzima ukainuka. Watu walikimbilia mwangani na mitungi, makopo, kofia, na nguo za watoto.

"Wananchi," mwendesha sinema akasema kwenye kipaza sauti, "tafadhali tazameni sinema. Senene mtakula kesho."

"Sinema yako kesho itakuwa Muleba," bibi mmoja akamjibu bila kugeuka. "Senene hawana ratiba."

"Bibi, hii ni elimu."

"Hata hii ni elimu. Shika mlango wa gari, wanaingia humo."

Mwendesha sinema alisimama kidogo akitazama, kisha nilimwona akivua kofia yake ya serikali na kuanza kuijaza.

Kwa hiyo tulibaki wachache tuliotazama: mimi, kwa sababu nilitumwa, wasichana wanne wa darasa langu, kwa sababu mama zao waliwaambia wasiachie nafasi zao, na bibi jirani yetu, ambaye mguu wake mbovu haukumruhusu kukimbiza kitu. Na hapo, kati ya vivuli vya senene, shuka likaonyesha ua wenye vichanja vya kahawa, na mbele ya vichanja mzee amekaa, amevaa kanzu na koti jeusi na kofia, na enanga iko mapajani mwake.

Akapiga. Msemaji alikuwa amenyamaza kidogo, labda kupumua, na ule uzi mnene ukasikika uwanjani kwetu, kutoka kwenye gari, kutoka kwenye shuka, kutoka chini ya nyasi nilizokalia. Ulinipanda mgongoni palepale ulipokuwa ukinipanda zamani. Senene mmoja mkubwa alipita usoni kwake. Kisha mzee akainua kichwa akanitazama. Sisemi alitazama watu. Alinitazama mimi.

Kwetu mtoto wa kike akitazamwa na mkubwa wake hana la kufikiri. Magoti hupinda yenyewe. Nilipiga magoti nikasema kwa sauti ya kusikika, "Shumalamu, waitu." Na ukishaamkia hivyo, huinuki mpaka uitikiwe. Mkubwa anaweza kuwa anatafuna, anaweza kuwa anamalizia mazungumzo na mwingine. Wewe unakaa magotini mpaka itikio lake lifike, marahaba, ndipo unapoinuka. Mzee wangu hakuitikia. Mdomo wake ulifunguka, lakini msemaji alirudi hapohapo na unyevu wa asilimia fulani, na mzee akaondoka kwenye shuka, ikaja mikono inayochambua kahawa. Mimi nikabaki magotini nasubiri.

"Inuka, wewe," mmoja wa wale wasichana akasema. "Unamwamkia nani?"

"Babu."

"Babu yako yupi? Si alikufa? Kaburi lake si tunalipita kila siku tukienda kisimani."

"Hajaitikia."

"Ataitikia na mdomo gani? Shuka hilo. La wodi ya wazazi."

Wakacheka, kwanza wao wanne, halafu watu waliokuwa wakirudi na makopo yao wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Bibi jirani peke yake hakucheka. "Mwacheni," akasema. "Macho yangu yamekwisha, uso sikuuona. Lakini mkono ule ni wa mpiga enanga wa kweli." Nilikuwa bado magotini. Nasema hili ili msije mkadhani niliinuka mara moja kwa heshima. Niliinuka mwendesha sinema alipozima mashine.

Bibi jirani alifika nyumbani kabla yangu, na mguu wake ule. Nilimkuta mama ameketi kitandani, mtoto kifuani, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua ameshaambiwa.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Njia nzima wale wasichana walikuwa wamenifuata wakiitikia, "Marahaba, mjukuu, marahaba," kwa sauti nzito za wazee. Ningesema ndiyo, mama angelibeba jambo hilo, angelisema kanisani, lingezunguka kijiji, nami ningekuwa yule aliyeamkia shuka maisha yangu yote. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu nikiwa mlangoni.

"Alikuwa mzee mwingine, mae. Hakufanana naye hata kidogo."

"Na magoti?"

"Nilikuwa natafuta senene."

"Wako wapi?"

"Waliruka."

Mama alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtahini yeyote. "Basi," akasema, akamgeuzia mtoto ziwa la pili. Kesho yake gari lilikwenda Muleba na shuka la masista, kisha likaendelea na safari, na halikurudi kwetu tena na sinema ile.

Uongo huo haukuniokoa hata kidogo. Niliitwa Marahaba mpaka nikamaliza darasa la saba. Lakini nilipokwenda sekondari, mbali na Kagera, nilimwacha yule Marahaba kijijini kama mtu anavyoacha viatu vilivyombana, na nikaanza kumsimulia kama mtu mwingine. Chuo kikuu mhadhiri wetu mmoja alifundisha habari za filamu za maendeleo na watazamaji wa vijijini, akatuambia kuna mahali ambapo watu walikwenda kuchungulia nyuma ya pazia kuwatafuta waigizaji. Darasa likacheka. Nikainua mkono nikatoa mfano wangu, wa msichana mmoja, na nikaueleza vizuri, pamoja na neno la Kiingereza lenye silabi sita. Nilipata alama ya juu. Usiku ule nilikula vizuri kabisa. Sijui kwa nini hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Televisheni ilipoingia nchini nilikuwa mtu mzima mwenye kazi, na baada ya miaka nikamnunulia mama moja. Ninapokwenda likizo tunakaa pamoja sebuleni Izigo. Taarifa ya habari huisikiliza huku anachagua maharage. Tamthilia huzigombeza. Lakini kikitokea kipindi cha ngoma za asili, na katika kipindi hicho mzee yeyote mwenye chombo chochote cha nyuzi, mama huweka ungo chini, husogeza kigoda chake mpaka karibu na kioo, na hutazama uso, si mikono. Kipindi kikiisha hurudi alipokuwa. Hajawahi kusema anatafuta nini. Hakuwa na haja ya kuniambia mimi.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, anayejua kompyuta, alianza kutengeneza albamu ya ukoo. Mama alimpa ile picha ya harusi.

"Hebu uivute kidogo upande huu," akamwambia, akionyesha ukingo.

"Kuivuta vipi, bibi?"

"Mpaka atokee mtu mzima. Kiwiko si kimeshika kitu?"

Yule binti alinitazama ili nimsaidie kueleza. Nilikwenda jikoni kufungua sufuria ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kuitafuta sinema ya kahawa. Nilifanya kile ambacho wasomi hufanya badala ya kuomba radhi, yaani utafiti. Niliuliza huku na huku, nikaandika barua, na mwishowe nikaingizwa kwenye ghala moja la kanda za zamani, ambako mzee mpole mwenye miwani alishusha mkebe wa bati uliofanana na nilioueleza. Harufu ilitutangulia, ya siki. Ndani, sinema ilikuwa imegandana ikawa kitu kimoja cheusi, kama sukari guru. Mzee aliigusa kwa kidole. "Joto, mama," akasema. "Hazitaki joto." Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa nje kwenye ukingo wa maua mpaka mlinzi akaja kuuliza kama namsubiri mtu.

Sikuwa na kitu cha kumpelekea mama isipokuwa ukweli. Ningeweza kusafiri nikamwambie ana kwa ana, kama binti aliyelelewa. Nikampigia simu, kwa sababu simu haina macho.

"Shumalamu, mae."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, hawa kuku wanabishana."

"Nina jambo la zamani nataka kukuambia."

"Umeachishwa kazi?"

"Hapana, mae. Ni la utotoni. Lile gari la sinema."

"La senene."

"Hilo. Uliniuliza kama nimemwona babu, nikasema alikuwa mtu mwingine. Nilikudanganya. Nilimwona. Alipiga, akanitazama, nikapiga magoti nikamwamkia. Ungekwenda Muleba kesho yake ungemwona na wewe. Mimi ndiye niliyekuzuia."

Nilisikia kuku, na baiskeli ikipita, na mama akimfukuza mbuzi kwenye kibanja cha migomba. Kisha akarudi.

"Najua ulipiga magoti. Ulirudi na udongo magotini mpaka hapa. Nani anatafuta senene chini? Senene wako juu."

"Ulijua?"

"Kijiji kizima kilijua. Ulidhani jina lile ulipewa na nani, malaika?"

"Basi mbona hukwenda Muleba?"

"Nani amekuambia sikwenda?"

Nikakaa kitako. Mama akaendelea kwa sauti ileile ya kugombana na kuku. Alisema kwamba kesho yake alitangaza anampeleka mtoto kliniki, akamfunga mgongoni na wiki zake tatu zisizotimia, akapanda lori la kahawa mpaka Muleba, akakaa mbele kabisa juu ya nyasi, akalala kwa binamu yake, akarudi. Baba yangu hakuwahi kuuliza kliniki gani hulaza mtoto mzima.

"Ukamwona?" nikauliza.

"Nilimwona mzee. Hakuwa baba."

"Una hakika, mae?"

"Nikose hakika na mtu aliyenizaa? Masikio. Baba alikuwa na masikio madogo, yamelala kama ya mbuzi mchanga. Ya yule yalikuwa maboga. Tena alikuwa anapiga ameegemea kiti. Baba kiti alikiita kitu cha makarani."

"Kwa hiyo nilipokuambia hakufanana naye hata kidogo."

"Ulisema kweli. Wewe ulidhani unadanganya, lakini ulisema kweli. Ndiyo maana sikukuchapa."

Miaka arobaini, ghala la siki, barua zote zile. Niliwahi kupiga magoti mbele ya mtu nisiyemjua, mwenye masikio ya maboga, na kumsubiri aniitikie.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimetoka uzazini nikaenda Muleba kumtafuta baba yangu kwenye shuka la hospitali? Na mimi nilikuwa na aibu yangu."

"Ulilia?"

"Kidogo, mwanzoni. Halafu akapiga." Kuku walikuwa wametulia. "Alipiga vizuri, yule wa maboga. Tangu tumzike baba nilikuwa sijaisikia enanga. Msemaji wenu akaja kumfunika, watu wa Muleba wakamzomea anyamaze, kana kwamba anasikia. Wakaomba irudiwe. Ikarudiwa. Nikakaa tena mpaka mwisho. Nilikuwa natazama ule mwanga unavyotoka garini, nikasema, kumbe inawezekana. Si kwa baba. Lakini inawezekana."

Nikasema lile nililokuwa nalo.

"Nilitaka upate uso wake, mae."

"Uso wake ninao. Asiye nao ni wewe." Nikamsikia akivuta kigoda. "Una kalamu hapo?"

"Ninayo."

"Andika. Masikio nimeshakuambia. Tuanze na paji la uso."